Naomba ushauri: mhusika kiziwi achezwe na nani?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Naandika skripti ya filamu kutoka kwenye tamthilia ya kifamilia, mama wa ile nyumba ni kiziwi na mgogoro wote unamzunguka yeye, sasa prodyuza anataka tumchukue muigizaji anayesikia mwenye jina, afundishwe alama wiki mbili tatu basi, mi roho inakataa kabisa. Lugha ya alama sio kupunga mikono tu jamani, uso nao unaongea, nyusi zikipanda sentensi inageuka swali, kiziwi akiangalia anajua saa hiyo hiyo kwamba huyu anaigiza. Nimempa mfano wa filamu ya CODA ya 2021, imetokana na filamu ya La Famille Bélier ya Ufaransa ya 2014 ambako wazazi viziwi walichezwa na watu wanaosikia, CODA wakaweka viziwi wenyewe na Troy Kotsur, aliyecheza baba, akabeba Oscar. Bado prodyuza anasema bajeti ya wakalimani wa lugha ya alama hamna. Mliowahi kufanya kazi na waigizaji viziwi, mkalimani mmoja anatosha seti nzima? Na nikomae tu au nitoe jina langu kwenye hii kazi?