Soko la tanzanite: libaki Mirerani au lirudi Arusha mjini?

Mzawa wa Ngarenaro: Wadau, tangu Julai 2021 serikali ilipoamuru tanzanite, hilo jiwe la vito la bluu, iuzwe Mirerani inakochimbwa, hapa mjini vijana waliokuwa wakiishi kwa jiwe wamekaa tu. Nawajua waliouza mashine za kukatia. Mtalii analala Arusha, kesho yake yuko njiani kwenda Serengeti, Mirerani ataenda saa ngapi? Mimi nasema lirudi.

Damu ya Simanjiro: Libaki. Jiwe ni la Manyara, vumbi tunameza sisi, na nyie mmelila tangu miaka ya sitini. Ukuta wa kilomita 24 jeshi lilijenga ili mawe yasitoroshwe, leo mnataka yatoke tena getini? Dalali wa Arusha kazi yake kukaa kivulini akisubiri kumpunja mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni.

Mama Wawili Sakina: Kumpunja? Mume wangu ni dalali na watoto wangu wamesoma kwa kazi hiyo. Wanaapolo wamelala sebuleni kwangu, wamekula ugali wangu, jiwe likikosa mteja nani alikuwa anawapa nauli ya kurudi? Kaka, hilo neno lifute.

Damu ya Simanjiro: Dada, sikumtaja mumeo. Ila silifuti. Jiwe likitoka shimoni mengi ni ya kahawia. Mwanaapolo ana njaa, anauza kahawia kwa bei ya kahawia. Dalali anakwenda kulichoma, linageuka bluu, faida yote yake.

Fundi Moto: Hapo kwenye kuchoma umegusa kazi yangu. Unafikiri ni kuweka jiwe jikoni kama muhindi? Ni nyuzi 500 na zaidi, na joto lipande taratibu. Bluu inatokana na vanadiamu iliyomo ndani ya jiwe lenyewe, mimi siongezi kitu. Likiwa na ufa linapasuka, na hapo hasara ni ya aliyelinunua. Mbona hiyo hamuisemi?

Laigwanan Mdogo: Na moto wa kwanza haukuwa wa fundi. Radi ilichoma nyika, Wamaasai wakakuta mawe ya bluu chini. Sisi ndio wagunduzi.

Mwalimu Kaloleni: Ya radi ni masimulizi. Aliyetambuliwa na serikali ni Jumanne Ngoma, 1967. Mwaka 2018 Rais Magufuli akampa shilingi milioni 100, mzee akafariki mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka hamsini anasubiri, huku Tiffany, wauza vito wa New York, wameshalipatia jiwe jina na kulitangaza dunia nzima tangu 1968.

Laigwanan Mdogo: Mwalimu, babu zangu walichunga pale kabla hajazaliwa huyo Ngoma. Usiniambie masimulizi.

Mzawa wa Ngarenaro: Jamani, niliuliza habari ya soko.

Damu ya Simanjiro: Soko? Mchimbaji Laizer mwaka 2020 alitoa mawe mawili, kilo 9.2 na kilo 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.7, hapa hapa Mirerani. Hakupita kwa dalali wa Arusha.

Mama Wawili Sakina: Laizer ni mwenye mgodi. Wewe unayejifanya msemaji wa wanaapolo, sema basi wanalipwa nini. Mdogo wangu alishinda chini kwa bosi mmoja huko kwenu, mshahara hakuna, analishwa tu na kuahidiwa mgao. Jiwe likatoka, bosi akazima simu. Huyo naye ni dalali wa Arusha?

Fundi Moto: Na waliokufa maji ya mvua yalipojaa mashimoni 1998, na wengine tena 2008, makumi kwa makumi. Familia zao zilipata mgao gani?

Damu ya Simanjiro: Wa 2008 nawajua kwa majina, msinifundishe msiba wangu. Mabosi wa hivyo wapo, sikatai. Dada, kama mdogo wako ana mashahidi, aende ofisi ya madini pale Mirerani. Nitamsindikiza mwenyewe. Lakini soko halihami.

Mama Wawili Sakina: Mashahidi anao wawili. Nikutumie namba yake wapi?