Naomba ushauri: muda wa supakompyuta kwa utafiti wa mvua za masika

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ni mvua kubwa za masika ukanda wa pwani, Tanga mpaka Mtwara. Natumia WRF, programu ya kuiga mwenendo wa hali ya hewa.

WRF hugawa eneo katika miraba. Kwa miraba yenye upande wa kilomita 9 kompyuta yangu inajikongoja lakini inafika. Ila mawingu ya radi hayajitokezi vizuri hapo, nahitaji kilomita 3. Ukigawa kila upande wa mraba mara tatu, na kila hatua ya muda nayo inakuwa fupi mara tatu, kwa hiyo hesabu zinapanda kama mara 27. Memori inajaa, kazi inakatika katikati.

Ndiyo maana nakiangalia kituo cha CHPC (kituo cha Afrika Kusini cha kompyuta zenye uwezo mkubwa) kule Cape Town, chenye supakompyuta ya Lengau iliyozinduliwa 2016. Uwezo wake ni takriban petaflopu 1, yaani hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde. Kwa utafiti kama huu si anasa hata kidogo.

Kwa waliowahi kutumia vituo vya namna hii: mwanafunzi anaomba mwenyewe au lazima msimamizi? Saa za prosesa (idadi ya prosesa mara saa zinazofanya kazi) mnazikadiriaje kabla hujajaribu? Na matokeo, ambayo ni mafaili makubwa mno kwa intaneti yetu, mnayachambulia hukohuko na kushusha jedwali la mvua tu?

Msimamizi wangu anashauri nibaki na kilomita 9. Binafsi naona nitakosa kiini cha utafiti. Mnanishaurije?