Naomba ushauri: friji haipiti mlangoni, muuzaji amekataa kuipokea

Habari zenu wanajukwaa. Jumamosi nilinunua friji dukani Kariakoo kwa shilingi 780,000, na muuzaji alinihakikishia kwa mdomo kwamba isipoingia jikoni niirudishe. Kweli haikupita mlangoni kwa kama vidole viwili (kosa langu, sikupima), haijawashwa na nailoni zake bado zipo. Nilipoirudisha kesho yake pamoja na risiti ya EFD, alinionyesha maandishi ya chini: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nimeomba hata kubadilishiwa ndogo, amekataa.

Je, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi aliyejutia bidhaa isiyo na kasoro? Na ahadi ile ya mdomo, ambayo mwenye bajaji aliisikia, ina nguvu mbele ya maandishi hayo?