Ganzi ya nyayo na maumivu ya kiunoni: ni kisukari au mshipa uliobanwa?

Mama wa Kongwa
Habari zenu ndugu. Mume wangu ana kisukari cha muda mrefu na anatumia metformini, dawa ya kushusha sukari. Nyayo zake zote mbili zina ganzi, na usiku zinawaka moto kiasi kwamba hata shuka likimgusa vidole hawezi kuvumilia. Zahanati walisema mishipa ya fahamu imeathiriwa na sukari. Tangu tumalize kuvuna mtama, ameanza kupata maumivu mengine yanayotoka kiunoni, yanapita tako la kushoto na kushuka hadi kisiginoni. Akitembea kidogo hulazimika kusimama na kuinama ndipo apate nafuu. Je, haya nayo ni ya sukari?

Tabibu Mstaafu, Dodoma mjini
Pole sana, dada. Kisukari huanza kuharibu mishipa ya fahamu iliyo mirefu zaidi, ndiyo maana ganzi yake huanzia vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu. Maumivu ya upande mmoja yanayoshuka kutoka kiunoni, tena yanayopungua mtu akiinama, yananifanya nifikirie zaidi pingili za mgongo, ambako diski (kisahani laini kati ya pingili) iliyochomoza au njia ya mishipa ya fahamu iliyofinyika huweza kukandamiza mshipa wa fahamu. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na hili linanisikitisha, kwa sababu mgonjwa wa kisukari kila dalili yake mpya husingiziwa sukari. Mwombeni daktari ampime nguvu za miguu na hisia, kisha aamue kama anahitaji kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mgongo, ambacho kwa huku kwetu kinapatikana Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ulizeni pia kuhusu vitamini B12, kwa kuwa metformini ikitumiwa miaka mingi huweza kuipunguza, na upungufu huo nao huleta ganzi. Lakini asiache dawa kwa uamuzi wake.

Akipata ganzi sehemu za siri na pale anapokalia, mkojo ukigoma kutoka au ukimtoka bila kujua, au miguu ikilegea ghafla, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mkazi wa Mpwapwa
Dada, ninaishi na ganzi hiyo. Baridi ya Juni na Julai asiote moto miguu, kwani ataungua bila kusikia. Miiba ya huku hupenya kandambili, kwa hiyo avae viatu vilivyofunika vidole, avikung'ute kabla ya kuvaa, nawe umkague nyayo kila jioni. Dawa za maumivu kama diklofenaki asizinunue kiholela, maana figo za mwenye kisukari ziko hatarini tayari. Mimi daktari aliniandikia amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa dozi ndogo na sasa ninalala.

Mama wa Kongwa
Asanteni sana. Sukari ikidhibitiwa, hisia zitarudi?

Tabibu Mstaafu, Dodoma mjini
Hisia zilizokwisha kupotea mara nyingi hazirudi zote, dada, ila udhibiti mzuri hupunguza kasi ya uharibifu. Mshipa uliobanwa ni tofauti: ukigunduliwa mapema, wengi hupata nafuu kwa dawa na mazoezi ya viungo, na wachache huhitaji upasuaji. Kwa hiyo ombeni rufaa wiki hii.