Fundi kahesabu vyumba vya kulala, katufungia boila ya kilowati 35! Huu ni wizi wa mchana

Wakuu salama? Mimi si salama, nimechemka kuliko boila yenyewe. Kwa wale tulio huku Uingereza, hasa mliojikakamua mkanunua kijumba kwa mkopo wa benki, someni hii kabla hamjasaini kotesheni ya mtu.

Iko hivi, boila ya zamani (ile mashine ya gesi inayopasha nyumba na maji) ilikufa baridi ndo inaanza, tukaita kampuni moja hapa Leicester, jina sitaji mods wasije wakafunga uzi. Akaja jamaa kashika tableti, viatu hata hakuvua, anauliza vyumba vya kulala vingapi, vitatu, bafu ngapi, moja, redieta, yale mapanga ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha vyumba, akazihesabu kwa kidole amesimama koridoni. Basi, "mtahitaji thelathini na tano." Hakupima dirisha hata moja, hakuchungulia darini kuona kama kuna lile sufi la kuzuia joto, bomba la maji hakuligusa. Wife akamuuliza mbona jirani mwenye nyumba kama yetu kabisa anayo ya 24, akajibu eti bora izidi kuliko ipungue.

Izidi nini sasa?!

Hizi boila za kombi zina kazi mbili, kupasha redieta na kuchemsha maji ya bomba papo hapo, hazina tangi. Nyumba ya safu kama yetu, majirani wamekubana kushoto na kulia, hata nje ikiwa nyuzi mbili tatu chini ya sifuri redieta zote zinataka kilowati 6, 7, ikizidi sana 8. Na msidhani nabuni. Ile wiki ya barafu Januari nimeangalia mita ya gesi, saa 24 tumetumia kilowati-saa 120, na jiko letu ni la umeme so yote hiyo ni boila. Gawa 120 kwa 24. Tano! Na hapo watu wameoga na vyombo vimeoshwa.

Sasa hili dude, kitabu chake chenyewe kinasema likijipunguza mpaka mwisho kabisa ni kilowati 7. Kwa hiyo siku nyingi za mwaka haliwezi kuwaka likatulia. Linawaka vuuu, alama ya moto inatokea kwenye kioo, dakika mbili maji yashafika pale lilipowekewa, linazima, feni inabaki inazunguka yenyewe, kimya, kidogo tena vuuu. Usiku kucha, na limefungwa kwenye kabati la chumba cha mtoto. Kila kuwaka na kuzima hivyo ni gesi inapotea na vipuri vinachakaa, halafu waranti ikiisha wataniuzia wao hao hao.

Nikasema labda ni kwa ajili ya maji ya kuoga, maana huko ndiko moto mkubwa unakohitajika kweli. Nikachukua ndoo ya lita 10, nikafungua bomba la jikoni mpaka mwisho, simu mkononi nahesabu. Imejaa kwa dakika nzima. Yaani mtaa unatupa lita 10 kwa dakika, basi, hakuna zaidi. Hesabu ni ya form two tu, lita moja kwa dakika ukitaka kuipandisha nyuzi 35, kutoka maji ya barafu hadi ya kuoga, inakula kama kilowati 2.4, mara kumi ni 24. Ndo maana ya jirani inamtosha! Ya 35 inaweza kuchemsha lita 14 kwa dakika, hizo nne za ziada zitoke wapi, kwa babu yake fundi? Ndoo na dakika moja, hilo tu lilimshinda.

Na bado. Bomba la gesi la milimita 15 likaonekana halitoshi kulilisha, ikabidi wavute la 22 kutoka kwenye mita, wametoboa ukuta wa sebule na hiyo ni bili ya pembeni.

Halafu kaondoka kaacha maji ya redieta kwenye nyuzi 80. Boila za sasa, ambazo sheria huku England inazilazimisha tangu 2005, zinabana matumizi kwa kuvuna joto la mvuke ulio kwenye moshi, na hilo linafanyika vizuri maji yakirudi kutoka kwenye redieta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiweka 80 yanarudi bado ya moto na lile joto linapitiliza nje na moshi. Nimeshusha mwenyewe hadi 55, nyumba ina joto lile lile, asubuhi inachelewa kidogo tu kupasha.

Nimewapigia, dada wa simu anasema boila inafanya kazi vizuri na fundi ana kadi ya Gas Safe, ule usajili wa mafundi wa gesi huku. Sawa dada, kadi inasema hatatulipua, haisemi anajua hesabu za joto! Wanajua wanachofanya hawa. Kupima nyumba chumba kwa chumba ni kazi ya masaa na hakuna anayewalipa. Na mteja anayepata maji ya uvuguvugu atapiga simu siku hiyo hiyo, ila anayeunguza gesi bila faida hapigi, anadhani ni bei imepanda.

Msije mkaniambia kuna nyumba zinazotaka 35, najua. Una bafu mbili na maji ya mtaa yana nguvu, funga. Sisi bafu MOJA.

Swali kwa waliopitia hili: kuna aliyewabana wakabadilisha boila au wakarudisha tofauti ya bei, na alianzia wapi? Nasikia pia kuna modeli fundi anaingia kwenye menyu ya ndani anapunguza nguvu ya upande wa redieta, ingawa ile 7 ya chini haitashuka. Nimewaomba waje walau wafanye hilo, wanataka nilipie ujio wa fundi. Nilipie mimi!