Granada (Hispania) na mama anayeumwa magoti, tunapandaje Alhambra kwa usafiri wa umma?

Mtoto_wa_Bimkubwa:
Wakuu habari za leo, naombeni msaada kwa yeyote aliyewahi kufika Granada kule Hispania. Nampeleka mama yangu, ana miaka 71, Alhambra (ile ngome yenye majumba ya wafalme wa Kiislamu) ndo ndoto yake tangu yuko chuoni kwa maalim wake akisimuliwa habari za Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, na mwaka huu nimesema liwalo na liwe lazima aione kwa macho yake. Tiketi za ndege tayari, tunashukia Malaga halafu tunaenda Granada usiku nne.

Ishu ni magoti. Kwenye barabara tambarare anatembea vizuri tu, dakika ishirini hana shida, ila mlima na ngazi hapana, ngazi kumi tu anaanza kushika ukuta. Sasa naangalia picha naona ule mji ni vilima vitupu, gari sitaki kukodi maana naambiwa katikati ya mji kuna kamera na magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia mitaa mingi. Nataka kujua mabasi yanafika hadi juu au yanakuacha chini ujitafutie? Na hiyo metro yao inafika Alhambra? Hoteli nimeshikilia moja ipo Albaicín, picha zake nzuri sana, unaiona Alhambra dirishani, bado naweza kughairi bila kukatwa. Karibuni.

Kipando:
Mkuu hongera kwanza kwa kumkumbuka mama. Mimi nimekaa Granada miezi mitano nikisoma kwahiyo hayo mabasi nimeyapanda mpaka madereva wengine tukawa tunasalimiana.

Elewa kwanza mji ulivyokaa. Kuna vilima viwili vinatazamana, kimoja kina Alhambra, cha pili ndo Albaicín mtaa wa zamani wa Waislamu, na katikati yao chini kabisa unapita mto mdogo unaitwa Darro. Mji wa kisasa wote uko bondeni, tambarare. Sasa mabasi makubwa na metro yote yanahudumia bondeni, huko juu barabara ni nyembamba kiasi kwamba basi la kawaida haliwezi hata kukata kona. Kinachopanda juu ni vibasi vidogo vyekundu, na namba zake ndo hizi shika, C30 inatoka Plaza Isabel la Católica (pale penye sanamu ya malkia na Columbus) inapanda Alhambra. C31 inaanzia Plaza Nueva inazunguka Albaicín. C32 inaunganisha Alhambra na Albaicín kupitia mjini, hii watu wengi hawaijui na ndo tamu kuliko zote kwa mtu kama mama yako. C34 inaenda Sacromonte kwenye zile nyumba za mapango.

Kwahiyo jibu ni ndiyo, mabasi yanafika juu kabisa. Nauli ni euro moja na senti, haizidi mbili, unamlipa dereva ukipanda, ila uwe na sarafu au noti ndogo maana noti kubwa hawapokei. Mkikaa siku nne chukueni ile kadi yao inaitwa Credibus, dereva mwenyewe anakuuzia, unaweka euro 5 au 10 au 20, kila safari inakuwa bei chini, na kadi moja inatosha nyie wawili, unaigusisha mara mbili tu. Mkishuka basi moja mkapanda jingine ndani ya muda mfupi hamlipi tena.

Kitu kimoja cha muhimu, vile vibasi vina viti vichache mno. Ukipandia katikati ya njia mama anaweza kusimama kwenye kona hadi juu na kule kona ni kona kweli. Siku zote nendeni kituo cha kwanza, mngoje tupu lije, hata ikibidi kuliacha moja lililojaa liende. Yanapita kwa kufuatana fuatana hamtakaa sana. Asubuhi ya saa tatu nne na jioni jua likikaribia kuzama ndo balaa, yanajaa hadi mlangoni.

MamaSafari:
Ghairi hiyo hoteli leo hii mdogo wangu, usingoje kesho.

Nilifanya kosa hilohilo na mama mkwe. Nikaona picha, dirisha, Alhambra inawaka taa usiku, nikalipia. Tulipofika teksi ikasimama kwenye kiwanja kidogo dereva akasema mwisho wangu hapa, mbele gari halipiti. Kumbe kutoka pale hadi mlangoni ni kichochoro cha kupanda chenye ngazi ngazi, na chini wametandaza vile vijiwe vya mviringo vya mtoni, vizuri kwa macho lakini kwa mguu wa mzee ni mateso, na vikilowa vinateleza. Mwenye nyumba kwenye tangazo aliandika "karibu na kituo cha basi", ni kweli kipo karibu, ila kipo karibu kwa kwenda chini. Mama mkwe siku ya kwanza alijikaza, ya pili akasema nendeni nyie mimi nitawatazama dirishani. Niliumia sana, mtu katoka mbali hivyo.

Tafuta chumba bondeni, maeneo ya Gran Vía, Plaza Isabel la Católica, Bib-Rambla, upande wa kanisa kuu. Pale pote ni tambarare, vibasi viko mlangoni, teksi zinafika. Dirisha lenye Alhambra mtalipata bure pale juu Albaicín kwenye baraza ya San Nicolás mkipanda na C31 au C32, mkitosheka mnashuka.

Kaka_Mwendo:
Mimi naona mnatishana tu, Granada ni mji wa kutembea. Ushauri wangu, pandeni Alhambra na basi halafu kurudi shukeni kwa miguu, kuna njia inaitwa Cuesta del Rey Chico inapita chini ya kuta za ngome, kivuli, maji yanatiririka pembeni, inakutoa Paseo de los Tristes kando ya mto. Kushuka si kazi. Ni njia nzuri kuliko zote nilizopita Ulaya nasema kwa moyo wangu wote. Kwenda pia kuna Cuesta de Gomérez kutoka Plaza Nueva, unapita kwenye msitu, ukiwa na pumzi dakika ishirini umefika.

MamaSafari:
Kaka_Mwendo njia hiyo ni nzuri sikatai, lakini mtu wa magoti kushuka ndo kubaya zaidi kuliko kupanda, muulize yeyote anayeumwa. Uzito wote unakuja mbele kwenye goti. Ile Rey Chico imesimama hasa, na hakuna basi linalopita pale kumwokoa mtu akishindwa katikati. Mtoto_wa_Bimkubwa nenda wewe mwenyewe siku mama amepumzika, yeye arudi na C30.

Kaka_Mwendo:
Hapo kwenye kushuka sikupafikiria dada, umenirekebisha vizuri. Basi mama apande basi kwenda na kurudi.

Mtoto_wa_Bimkubwa:
Nashukuru sana jamani, hoteli nimeghairi dakika hii hii, nimepata nyingine karibu na kanisa kuu, ina na lifti. Sasa maswali yaliyobaki. Kutoka Malaga hadi hapo hotelini tunakwendaje? Na Alhambra kuna vituo viwili naona kwenye ramani, kimoja Generalife kingine Puerta de la Justicia, tushuke kipi? Tiketi yetu ya majumba ya Nasri, yale ya wafalme humo ndani ya Alhambra, ni saa nne na nusu asubuhi. Na mama anaulizia kama kuna msikiti, tutakuwepo hadi Ijumaa.

Kipando:
Kutoka Malaga chukueni basi la masafa, kuna mengine yanaondokea palepale uwanja wa ndege lakini kwa siku ni machache, kwahiyo tazama saa ya ndege yako kwanza, likikupita unaingia mjini Malaga kituo kikuu cha mabasi, huko yapo mengi. Ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka mbili. Angalia hapa sasa, basi halikufikishi katikati ya Granada, linaishia stendi kuu iliyo nje kidogo upande wa kaskazini magharibi. Watu wanabeba mabegi wanataka kutembea, usijaribu. Ukitoka nje ya stendi panda basi la mjini namba 33, mnashuka Gran Vía karibu na kanisa kuu, mmefika. Mkiwa na mabegi mazito teksi pia si ghali kwa umbali ule, na siku ya kwanza mama kachoka na safari mimi ningechukua teksi bila kujiuliza, hela ya kubana bana kwingine.

Metro sahau kwa habari ya Alhambra. Ilianza 2017, ina vituo 26 na inatoka Albolote kaskazini inapita mjini hadi Armilla kusini, ni ya wakazi zaidi, wanafunzi, watu wa hospitali. Inapita stendi kuu na stesheni ya treni lakini mji wa zamani haiingii, cha karibu ni Recogidas na bado unatembea robo saa. Tiketi yake pia ni mbali na kadi ya mabasi. Ila kama mna jioni moja haina kazi, pandeni mshuke Alcázar Genil. Walipokuwa wanachimba wakakuta kuta za bwawa kubwa la maji la enzi za Waislamu, karne ya 13, badala ya kuzifukia wakazijenga ndani ya kituo chenyewe, yaani unasubiri treni na zile kuta ziko juu yako. Bibi na babu wa mtaani wanapita pale na mifuko ya sokoni kila siku. Mimi nilipaona mara ya kwanza nikaacha treni mbili zinipite.

Kuhusu vituo viwili vya Alhambra. Puerta de la Justicia ni karibu zaidi na majumba ya Nasri lakini kutoka kituoni kuna mpando, mfupi ila umesimama. Generalife ndo penye ofisi ya tiketi, kutoka pale hadi Nasri ni mwendo wa robo saa, kwa mama weka dakika 25, njia pana na mteremko wake ni wa pole. Kwa jinsi ulivyoeleza magoti yake, shukeni Generalife, mpumzike njiani. Na hiyo saa nne na nusu ni saa nne na nusu kweli, ukichelewa majumba ya Nasri hawakuingizi, kwahiyo saa mbili na nusu muwe tayari mko kwenye foleni ya C30. Paspoti zote mbili mkononi, wanazidai mlangoni.

Njia_ya_Qibla:
Asalaam aleikum, nijibu la msikiti. Upo, na upo pazuri kuliko unavyodhani. Msikiti mkuu wa Granada umejengwa juu Albaicín, umepakana kabisa na ile baraza ya San Nicolás, ulifunguliwa 2003, na ndo msikiti wa kwanza kujengwa mjini tangu Granada ilipoanguka Januari 1492. Una bustani wageni wote wanaingia, ukikaa pale Alhambra iko mbele yako ng'ambo ya bonde na milima ya theluji nyuma yake, kimya, wakati hatua chache tu nje baraza imejaa magitaa na watu wa kupiga picha.

Ijumaa pandeni C31 mapema, kabla ya saa sita mchana, msingoje dakika za mwisho maana kibasi kimoja kikijaa mnapoteza muda. Mnashukia San Nicolás, kutoka hapo ni hatua chache ila vijiwe ni vilevile alivyosema MamaSafari, mama avae viatu vya raba. Kurudi hivyohivyo. Msishawishike kushuka kwa miguu kupitia Carrera del Darro, ni nzuri, imepakana na mto, lakini ni nyembamba na kibasi kikija watu wote wanabana ukutani kipite.

Halafu angalia tarehe zenu. Kama mnaangukia wiki ile ya kabla ya Pasaka, maandamano ya kidini yanafunga Gran Vía na Reyes Católicos kuanzia alasiri hadi usiku, mabasi yanabadilishwa njia na mengine hayafiki kabisa kwenye vituo vyake vya kawaida. Asubuhi huwa shwari. Fanyeni ya juu yote asubuhi.

Mtoto_wa_Bimkubwa:
Wiki hiyo tumeikwepa, tunafika baada ya Pasaka alhamdulillah. Nimemsomea mama majibu yote kakaa kitandani anasikiliza, ya msikiti akanirudisha nisome mara ya pili. Anauliza swali moja tu, ati ni kweli kuta za ndani ya Alhambra zimeandikwa maneno ya Kiarabu na mtu anaweza kuyasoma, au wameshayafuta?

Njia_ya_Qibla:
Mwambie ni kweli na hayajafutwa. Wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, ndo ilikuwa kaulimbiu ya wafalme wa Nasri, na imechongwa mara nyingi mno, juu ya milango, pembeni mwa madirisha, kwenye vigae, hata mahali pa chini kabisa usawa wa mtu aliyeketi. Pale kwenye ukumbi wa mabalozi, jumba la Comares, msimharakishe. Atayasoma mwenyewe.