Skolashipu za ufaulu katika shule za biashara Marekani: swali la mzazi wa Maryland na majibu yake

Kutoka: Mzazi, Silver Spring, Maryland

Ndugu wanajumuiya, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Kijana wetu anaingia darasa la 12 mwezi wa Agosti, na ameshatuambia kwamba anataka kusoma biashara katika shahada ya kwanza, hasa fedha na uhasibu. Matokeo yake shuleni ni mazuri sana na alama zake za SAT, mtihani wa kuombea chuo, ni za juu. Mimi na baba yake tunafanya kazi sote wawili, kwa hiyo kila tunapojaza kikokotoo cha chuo tunaambiwa kwamba tuna uwezo wa kulipa kiasi ambacho, tukishalipia nyumba na kutuma cha wazee nyumbani, hatunacho. Orodha yake ina Harvard, Stanford, Wharton, Georgetown na Cornell. Sisi ni wakaazi wa kudumu, bado hatujawa raia. Naomba mwenye uzoefu atueleze skolashipu zinazotolewa kwa ufaulu, bila kujali kipato cha wazazi, zinapatikana wapi hasa, na tuanze lini.

Kutoka: Mhasibu na mzazi, Columbus, Ohio

Marahaba, dada, na hongera kwa malezi.

Nianze na orodha yenyewe. Harvard na Stanford hazina shahada ya kwanza ya biashara. Shule zao za biashara tunazozisikia hufundisha watu ambao tayari wana shahada. Wharton, iliyoanzishwa mwaka 1881 ndani ya University of Pennsylvania, inayo, na Cornell pia, lakini vyuo vyote vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe ambalo hao wawili wamo, havitoi fedha kwa kigezo cha ufaulu, na Georgetown, hapo jirani yenu, hufuata utaratibu huohuo. Msaada wao unaweza kuwa mkubwa mno kwa familia yenye kipato kidogo, ila hupimwa kwa fomu za kipato peke yake. Watoto wawili wenye A tupu, mbele ya ofisi ya fedha ya Wharton, hutofautishwa na mishahara ya wazazi wao.

Skolashipu ya ufaulu, ukiitazama kwa jicho la mhasibu, ni punguzo la bei ambalo chuo humpa mwanafunzi ambaye kisipomvuta atakwenda kwingine. Wharton haina haja ya kumvuta mtu. Kwa hiyo msitafute chuo chenye jina kubwa kuliko vyote kitakachokubali kumdahili kijana. Tafuteni shule nzuri ya biashara ambayo kijana wenu atakuwa miongoni mwa waombaji wake bora kabisa, kwa kuwa huko ndiko atakakogombewa.

Ipo njia ya kulijua hilo bila kumpigia mtu simu. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Tafuteni jina la chuo pamoja na maneno hayo, kisha mfungue sehemu ya H2A. Mstari wa n unaonyesha ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kifedha waliopewa fedha na chuo chenyewe, na mstari wa o unaonyesha wastani wa kiasi walichopata. Hayo mawili ndiyo ya kutazama, na chuo ambacho mistari hiyo inasomeka sifuri kimeshakujibu. Mimi huwashauri wazazi waanzie hapo kabla hata ya kutazama picha za majengo, ingawa najua watoto hupenda picha.

Kwa hali yenu ningeanza nyumbani. University of Maryland ina Smith School of Business, shule inayoheshimika, na mnalipa ada ya wakaazi wa jimbo. Skolashipu yake kubwa ni Banneker/Key, ambayo kwa washindi wa ngazi ya juu hulipia ada, malazi na chakula. Haina fomu ya pekee: anayeomba chuo kufikia tarehe 1 Novemba huzingatiwa, na anayechelewa anaikosa hata kama ni hodari kuliko wote. Howard University, mwendo wa treni tu kutoka kwenu, nayo ina shule ya biashara yenye ithibati ya AACSB, chombo kinachothibitisha ubora wa shule za biashara, na hutoa skolashipu za ufaulu. Shule ya biashara ya Morgan State kule Baltimore ina ithibati hiyohiyo, na naona wazazi wetu wengi huiruka bila sababu ya msingi.

Mkitaka kutoka nje ya jimbo, Boston College ina Carroll School of Management na mpango wa Gabelli Presidential Scholars, unaolipia ada yote kwa kundi dogo la wanafunzi kila mwaka. Washington and Lee ya Virginia ina Johnson Scholarship, iliyotokana na zawadi ya dola milioni 100 iliyotolewa mwaka 2007. Humpa mshindi angalau ada, malazi na chakula, nayo huwafikia takriban mmoja kati ya kila wanafunzi 10 wa mwaka wa kwanza, kiwango ambacho sijakiona pengine. Chuo hicho ni kidogo na kiko katika mji mdogo, kwa hiyo kijana akapaone kwanza. University of Richmond ina Richmond Scholars, na Emory kule Atlanta ina Woodruff. Kwa anayetaka uhakika mapema, University of Alabama huchapisha jedwali la wastani wa alama za shuleni na alama za mtihani, na kila kisanduku kina kiasi chake, hivyo mzazi anaweza kujua kiasi hicho kabla mtoto hajaandika hata insha moja.

Mwulize kijana pia kama alifanya PSAT, mtihani wa matayarisho ya SAT, mwezi wa Oktoba akiwa darasa la 11. Mtihani huo ndio mlango wa National Merit, shindano la kitaifa la skolashipu, na mkaazi wa kudumu mwenye nia ya kuwa raia anaruhusiwa kushindana. Majina ya wanaovuka hatua ya kwanza hutangazwa Septemba, na baadhi ya vyuo, University of Texas at Dallas kikiwa kimojawapo, huwapa wanaofika fainali fedha nyingi mno.

Kuna mambo ambayo barua ya pongezi huyaandika kwa herufi ndogo. La kwanza ni kwamba kudahiliwa chuoni si lazima kuwe kudahiliwa katika shule ya biashara. University of Virginia huchukua wanafunzi wa McIntire, shule yake ya biashara, kutoka miongoni mwa walioshaanza chuo, ilhali Kelley, shule ya biashara ya Indiana University, hudahili wengi moja kwa moja kutoka sekondari. Mtoto anaweza kukubali skolashipu nono akidhani anakwenda kusoma fedha, kisha akakosa nafasi na kubaki na fani asiyoichagua. La pili ni alama za kuilinda skolashipu. Tofauti kati ya GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na ya 3.5 ni kubwa sana katika mwaka wa kwanza wa uhasibu na hesabu za juu. La tatu ni skolashipu za nje, kama zile za makanisa, benki na mashirika. Vyuo vingi, mtoto akileta fedha ya nje, hupunguza fedha yao kwa kiasi hichohicho. Maryland ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovizuia vyuo vya umma vya jimbo kufanya hivyo mpaka jumla ipite uhitaji wa mwanafunzi, jambo jingine la kuwabakiza nyumbani.

Msikubali kamwe kuomba kwa utaratibu wa Early Decision kama bei ndiyo inayoamua. Utaratibu huo humfunga mtoto kwa chuo kimoja kabla ya kuona vingine vitatoa nini, na chuo kikishajua kwamba amefungwa hakina tena sababu ya kumpunguzia. Early Action, yaani kuomba mapema bila kujifunga, haina kifungo hicho. Na jazeni FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za chuo, hata kama mnaamini hamtapata kitu. Wakaazi wa kudumu wanaruhusiwa, na vyuo vingine huidai hata kwa skolashipu ya ufaulu.

Kutoka: Mkenya, Marietta, Georgia

Nakubaliana na ndugu wa Columbus, ila niwaambie wenzetu wa Georgia kwamba kuna pesa ya jimbo ambayo familia nyingi huipoteza kwa kutojua masharti yake. Skolashipu ya HOPE, iliyoanza mwaka 1993 na inayolipwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo, inahitaji GPA ya 3.0, na ile ya juu yake, Zell Miller, inahitaji 3.7 pamoja na alama iliyowekwa ya SAT au ya ACT, mtihani mwenzake. GPA hiyo si ile iliyo kwenye ripoti ya shule: jimbo huikokotoa upya kwa masomo ya msingi peke yake, kwa hiyo A ya muziki haimwokoi mtoto mwenye C ya kemia. Pesa hizo hutumika Terry College ya University of Georgia na Scheller ya Georgia Tech, na zote mbili ni shule za biashara nzuri. Hazilipii chumba wala chakula. Alama hukaguliwa tena mwanafunzi anapofikisha saa (credits) 30, 60 na 90 za masomo, na somo aliloliacha katikati huhesabiwa katika saa hizo.

Kutoka: Mjomba, Houston, Texas

Naomba kuuliza juu ya mpwa wangu aliyeko Mwanza, kidato cha sita, mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Yeye hana makaratasi yoyote ya huku. Je, milango hii ipo kwake?

Kutoka: Mhasibu na mzazi, Columbus, Ohio

Ipo michache, kaka, nayo ni myembamba. FAFSA na fedha za jimbo haziwahusu wanaokuja kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Kati ya nilizozitaja, Johnson, Richmond Scholars na Woodruff hupokea waombaji wa kimataifa. Ongeza Trustee Scholarship ya Boston University, inayolipia ada yote na yenye insha zake za pekee, pamoja na Global Scholars ya Babson College, chuo kinachojulikana sana kwa ujasiriamali, ingawa hiyo hutazama pia uhitaji wa familia. Ofisi ya EducationUSA katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam hutoa ushauri bila malipo.

Ratiba ndiyo itakayomsumbua. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei na matokeo hutoka Julai, wakati maombi haya hufungwa Novemba hadi Januari inayotangulia, kwa hiyo ataomba kwa matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na barua za walimu. Mwalimu mkuu aandaliwe mapema, kwa sababu nyaraka hizo lazima zitumwe na shule yenyewe. Na akipata skolashipu ya nusu ada, kumbukeni kwamba chuo hakitatoa fomu ya I-20, anayoihitaji ili kuomba viza, mpaka familia ionyeshe kwa hati za benki fedha ya kufidia pengo la mwaka wa kwanza, na wewe wa Houston ukiwa mdhamini, hati zitakazotazamwa ni zako.